Flashi Iliyofungwa Uzi wa Nyavu

"Mimi si mwizi, Veneranda. Miaka kumi na minne naingia kwako bila hodi, na wewe unaingia kwangu bila hodi, leo ndiyo nimekuwa mwizi?"

Veneranda, mikono kiunoni, alijibu kwamba neno mwizi hajalitamka yeye. Alichosema ni kwamba mtu akiingia nyumba ya watu wenyewe hawapo, akachukua kitu rafuni akaondoka nacho, basi Hadija mwenyewe amtafutie huyo mtu jina linalomfaa. Hadija akasema jina lake ni jirani. Akina mama waliokuwa bombani waliacha madumu yao yafurike, wakasogea kusikia vizuri.

Sajini Hamdani wa upelelezi alishuka kwenye bodaboda akayakuta hayo yamepamba moto. Hakuyaingilia. Watu wakigombana husema bure yale ambayo kituoni usingeyapata hata ukiwakalisha siku tatu, kwa hiyo aliegemea ukuta, begi la laptop yake begani, akasikiliza. Kabla hajatulia, mama mmoja wa bombani alimpenyezea simu iliyoganda amtazamie. Ndivyo mtaa wa Buzebazeba ulivyomzoea. Simu ikiganda, flashi ikishika virusi, apelekewe Hamdani, na yeye hakuwahi kumkatalia mtu. Aliizima simu, akaiwasha, akamrudishia mwenyewe, masikio yakiwa kwenye ugomvi. Ndipo akaelewa kwamba wale wawili walikuwa wanagombania kitu kile kile alichokuja kukichukua.

Skolastika, mkimbizi aliyefikia kwa Veneranda, alikuwa amekaa kizingitini, flashi nyeusi kiganjani, anaitazama kama kifaranga kilichofia mkononi.

Kisa chake mji mzima uliokuwa na masikio ulikijua. Mwezi wa tano, watu wa Burundi walipokuwa wakirundikana kwa maelfu Kagunga, ufukweni mpakani, na kila mwenye boti amegeuka nahodha, Feliksi wa Katonga alipakia watu sitini kwenye boti ya watu ishirini na tano. Maji yalipoanza kuingia alishika kasia, akawapiga waliokaa nyuma mpaka wakaangukia ziwani. Watatu hawakuonekana tena. Mmoja wao ni Pastory, mtoto wa Skolastika, umri wake miaka sita. Feliksi alisema ni wimbi, na neno la Skolastika peke yake halikumtosha hakimu. Abiria waliobaki walikuwa wametawanyika, wengi kambini, na wale Hamdani aliowafikia waliapa kwamba walikuwa wamelala, wote, mchana kweupe.

Aliyeona na kurekodi alikuwa mmoja. Nikodemu, mpiga video wa harusi kutoka Bujumbura, alikaa mbele ya boti na kamera yake ndani ya koti. Walipofika nchi kavu aliihamishia video kwenye laptop yake ya Apple, akaitia kwenye flashi, akampa Skolastika kwa sababu, alimwambia, mtoto wako yumo. Yumo kabla ya kasia, ameketi, anacheka. Skolastika hakuwa na picha nyingine yoyote ya Pastory. Mfuko wa picha ulibaki Burundi na nyumba iliyoungua. Siku tatu baadaye watu walimpora Nikodemu begi, kamera na laptop vikaenda. Juma lililofuata kuhara kukamchukua Nikodemu mwenyewe.

Ikabaki flashi. Skolastika aliipeleka kwa watu wawili mjini, na kompyuta zote mbili zilileta ujumbe ule ule, kwamba kifaa hiki hakisomeki mpaka kifomatiwe. Wote wawili walitaka kubonyeza. Wote wawili aliwashika mkono. Nikodemu alikuwa amemwonya, tena akamwandikia kikaratasi, akakikunja mara nne na kukifunga juu ya flashi kwa uzi wa kijani wa nyavu. Mpelelezi wa kwanza wa kesi hii, kabla hajahamishwa, aliandika jaladani: *flashi ni mbovu*. Jalada lilipomfikia Hamdani, juzi Jumatatu, mstari huo aliupita kama alivyoupita mhuri.

Jana jioni ndipo alipolizungumza jambo hilo na Recho, mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi. Recho alimuuliza video ilitoka kwenye kompyuta gani. Hamdani akasema Apple. Recho akamcheka kidogo. Flashi si mbovu, alisema, ila imeandikwa na Apple na nyinyi mnaifungulia kwenye Windows. Kuna laptop ya Apple hapa iliachwa na mgeni wetu. Niletee kesho, utaiona video dakika hiyo hiyo.

Hamdani hakungoja asubuhi. Alimpigia Skolastika usiku huo akamwambia flashi yake ni nzima na kesho saa kumi ataiona picha ya mwanawe. Hakimu alikuwa amesema kesi isipoletewa ushahidi ifikapo Ijumaa anaifuta, na leo ni Jumatano.

"Uzi hamna," Skolastika alimwambia sasa, bila kuinua macho. "Karatasi hamna. Ndani kuna nyimbo."

Hamdani aliwatawanya watu wa bombani, walitawanyika hatua nne, akaanza na Veneranda. Veneranda alieleza kwamba Alhamisi iliyopita yeye alikuwa Simbo kununua maharage, na mgeni wake Skolastika alikuwa ameitwa kuandikishwa kama mkimbizi. Nyumba ilikuwa wazi, mlango wa Veneranda ulifungwa lini? Flashi ilikuwa rafuni nyuma ya redio. Jumatatu Hadija aliirudisha mwenyewe, kwa furaha, akisema amewatilia nyimbo zote za harusi ya bintiye Yusra. Waliichomeka kwenye redio. Walicheza. Skolastika mwenyewe alikaa pembeni akiwapigia makofi, kwa sababu flashi iliyokuwa ikiimba haikuwa na uzi wala karatasi, na hakuijua.

"Na leo ameijuaje?"

Leo alikwenda kuichukua ya kwake amtayarishie Afande, akakuta rafuni patupu, ndipo akaitazama vizuri ile iliyokuwa redioni.

Hadija, zamu yake, hakukana kitu. Ni mwanamke wa Ujiji, baba yake alikuwa muuza nguo sokoni, na nyumbani kwake hapakupita siku bila mtu wa nje kula. Harusi ya binti yake ilikuwa Jumamosi, imebanwa mwishoni mwa Shaabani, kabla ya mfungo, kama harusi zote za mwaka huo, na mpiga muziki alitaka flashi. Veneranda ana flashi, nyuma ya redio, mtaa mzima unajua. Akaichukua. Uzi na kile kikaratasi akavitoa, akaviweka. Kwa nini? Hadija alisita. Kikaratasi kilikuwa kimekunjwa mara nne na kufungwa kwa uzi, alisema, na vitu vya namna hiyo yeye hafungui. Alidhani ni hirizi. Alidhani Veneranda ameifunga flashi yake kwa hirizi isiibiwe, akasema moyoni tutakuja kutaniana baadaye.

Bombani mtu alicheka, akanyamazishwa.

"Ukaipeleka kwa nani?"

"Haikufunguka. Ilikuwa inaleta maneno ya Kizungu tu. Nikampa mtu akanitengenezea, ndiyo Ashraf akatia nyimbo."

"Mtu gani?"

Hadija alimtazama Hamdani, akawatazama watu wa bombani, akamrudia Hamdani. "Hilo usiniulize, Afande."

"Nakuuliza."

"Alikuwa mgeni wangu. Alikula kwangu. Mtu aliyekula kwangu simtaji barabarani."

Aliongeza kwa sauti ya chini kwamba kama analitaka jina hilo aje baadaye, ndani, peke yake. Hamdani alikwisha kuwasikia mashahidi wanaoomba muda wa kupanga maneno. Nyumba ya Hadija Ijumaa ile, siku moja kabla ya harusi, ilikuwa imejaa watu, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao, alipita baada ya swala akapewa sahani ya pilau ukumbini katikati ya wazee na mikeka. Watu waliokula pale hawakupungua themanini. Lakini mmoja wao alikuwa Ashraf, mtoto wa kaka yake Hadija, mwenye stationari. Na banda la stationari hiyo, Hamdani alijua kama kila mtu, mwenyewe ni Feliksi.

Aliandika kwenye kidaftari: *H. anamficha mtu. Ashraf?* Akaiweka flashi kwenye bahasha, akamwambia Skolastika ahadi ya saa kumi iko palepale, akapanda bodaboda kuelekea Ujiji. Nyuma yake ugomvi ulianza upya.

Stationari ya Ashraf ilikuwa chumba kimoja chenye mashine ya kutoa kopi, kompyuta mbili za mezani zilizogeuka rangi ya chai, na bango linalotangaza nyimbo, filamu na kusafisha virusi. Ashraf alimwamkia vizuri, akamvutia kiti. Aliposikia neno flashi alikaa wima.

"Afande, mbona kama unanikomalia? Hiyo flashi mimi nimeitia nyimbo tu."

"Ulifuta nini kwanza?"

"Sikufuta kitu. Ilikuja tupu. Tena ilikuja na jina, imeandikwa YUSRA. Nikajua shangazi ameshaiandaa."

Hamdani alimuuliza nani aliipa jina hilo. Hajui. Nani aliileta? Shangazi mwenyewe, Ijumaa, jua linaelekea kushuka. Je, kabla ya hapo Ijumaa hiyo alikuwa wapi? Ashraf alihesabu kwa vidole: asubuhi kubeba viti, kisha masufuria, kisha swala, kisha kugawa pilau na jasho linamtoka. Duka alifungua saa kumi. Hamdani akasema tangu lini mwenye duka akafunga siku ya Ijumaa nzima. Ashraf akasema tangu alipozaliwa na ukoo wenye harusi.

"Feliksi amekuja hapa mara ngapi tangu mwezi wa tano?"

"Feliksi ni mwenye banda, si baba yangu. Akija anasimama hapo ulipo, anatukana, anaondoka."

"Na alijua kuhusu flashi?"

Hapo Ashraf alimtazama kwa mshangao wa kweli au wa kuigiza. Flashi gani, alisema, hii ya harusi? Hamdani hakumwambia. Alimwamuru awashe kompyuta zote mbili. Zilichukua muda kuamka. Zote zilikuwa na Windows ya zamani kabisa, ile yenye kilima cha kijani na anga, na Ashraf aliomba radhi kwamba mpya hazitaziweza, zitazimia. Katika flashi zilionekana nyimbo mia tano na zaidi, na video za ngoma za harusi, zimejaa hadi mwisho. Hakuna kingine. Shangazi alimwambia ajaze, alisema Ashraf, akajaza.

Hamdani alitoka, akamwendea Agnesi, anayekaanga maandazi mlango wa pili na ambaye hakuna kinachofunguliwa wala kufungwa mtaani pale bila yeye kukijua. Agnesi alithibitisha kabla hajamaliza kuulizwa. Ijumaa ile alikuwa na mteja wa kutoa kopi amekaa kwenye benchi lake tangu saa saba, wakimlaani Ashraf pamoja. Alifungua alasiri imeshaadhiniwa. Na Feliksi? Feliksi yuko Katonga, hajaonekana upande huu tangu apewe dhamana, hata matusi yake watu wanayakumbuka.

Hamdani alimwagiza Ashraf asitoke Ujiji. Ashraf akamuuliza atoke aende wapi.

Saa saba alikuwa kwa Recho. Recho alikuwa ameshaiwasha ile Apple, ameiweka katikati ya meza kama mtu aliyetandika kitanda cha mgeni. Aliipokea flashi, akaichomeka, ikafunguka palepale na kuonyesha nyimbo. Recho aliteremka orodha ya nyimbo hadi mwisho.

Kisha alieleza, na Hamdani akaandika. Flashi ni kama daftari, na kila mfumo wa kompyuta una namna yake ya kulipiga mistari kabla ya kuandika. Kuna mistari ambayo kompyuta zote zinaisoma, ndiyo flashi nyingi huja nayo dukani. Apple ina ya kwake pia. Nikodemu alitumia ya Apple, pengine kwa mazoea ya studio. Windows ikifungua daftari hilo haioni mistari yoyote inayoijua, inadhani ni jipya au limeharibika, inaomba ruhusa ya kupiga ya kwake. Ukikubali, inapiga juu kwa juu.

"Na ya chini inapotea?"

"Hapana. Kufomati kwa haraka kunafuta orodha tu. Maandishi yanakuwa bado yapo, ila hakuna anayejua yalipo. Ungeniletea siku hiyo hiyo ningeyatoa." Alisogeza mkono kwenye nyimbo mia tano. "Aliyejaza ndiye aliyemaliza."

"Aliyejaza asingejaza kama isingekuwa imefomatiwa."

"Ndiyo."

Recho alikuwa na programu ya kufufua vilivyofutwa. Aliiachia ipekue flashi punje kwa punje, wakakaa wakiitazama. Chai ilikuja, ikapoa. Kilichotoka ni nyimbo, na vipande vya nyimbo, na wimbo mmoja mara tatu. Karibu na mwisho, mahali ambapo Ashraf alikosa video ya kutosha kuziba pengo, kilitoka kipande cha picha chenye upana wa kidole. Recho alikikuza. Kulikuwa na maji. Kulikuwa na ukingo wa boti na nusu ya dumu la manjano. Hakikuwa na mtu. Recho alikipekua tena kwa njia nyingine, na nyingine tena, kisha akatoa mikono juu ya meza.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, Sajini. Na hiyo hakimu hatajua hata ni ziwa gani."

Hamdani aliagiza ichapwe. Halafu akarudi kwenye kazi yake, kwa sababu kama video imekufa, aliyeiua bado anaweza kushtakiwa, na kwa njia hiyo huenda Feliksi akashikika kwa kuharibu ushahidi. Alimuuliza Recho kama kuna namna ya kujua ni lini flashi ilifomatiwa. Recho alisema jina la flashi huandikwa pamoja na tarehe yake, watu wengi hawajui. Alilitafuta. YUSRA: Ijumaa, tarehe tano mwezi wa sita, saa nane na dakika kumi na mbili mchana.

Saa nane Ashraf alikuwa anagawa pilau. Hamdani alimkata kwenye kidaftari chake, polepole.

"Kuna kingine," Recho alisema. Alikuwa amefungua mafaili yaliyofichwa. "Folda hii Windows huiunda yenyewe, bila mtu kuiomba. Zile za zamani haziiweki kwenye flashi kama hii. Hizi mpya ndizo zenye tabia hiyo, kuanzia ya nane. Nani mtaani kwako ana Windows ya nane?"

Hamdani alifikiri, akamtaja daktari mmoja, lakini huyo alikuwa Dar es Salaam tangu mwanzo wa mwezi. Akataja ofisi mbili za mjini. Recho alisema yeye hana mashine kama hiyo ya kulinganisha. Hamdani akasema ya kwake ni Windows ya nane, aliinunua mwaka jana, ipo hapa begini. Akaitoa, akaiwasha, akamsogezea.

Recho alichomeka flashi. Ilifunguka mara moja.

Recho aliichomoa, akaichomeka tena, akatazama pembe ya chini ya kioo. Alichukua flashi nyingine kutoka kwenye droo yake, akaichomeka kwenye tundu la pili. Kidirisha kidogo kilijitokeza pale chini, kikazunguka, kikasema kifaa kinaandaliwa, kikatoweka. Alirudia na flashi ya tatu. Kidirisha kikaja tena. Kisha ile nyeusi. Haikuleta kidirisha.

"Kompyuta ikikutana na flashi kwa mara ya kwanza huiandaa," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Ikishaijua haiandai tena."

"Maana yake?"

Recho aliivuta laptop karibu. Alifungua daftari la ndani la mashine, lile linaloandika kila kilichochomekwa, akashuka kwa kidole mstari kwa mstari. Alilinganisha namba ndefu ya flashi na namba iliyoandikwa. Kisha aliigeuza laptop taratibu mpaka kioo kikamwelekea mwenyewe. Ijumaa, tarehe tano, saa nane na dakika tisa. Dakika tatu kabla ya jina.

Hamdani aliusoma mstari ule. Akausoma tena, kidole kikiwa juu yake. Ukumbini kwa Hadija, Ijumaa ile, sahani ya pilau ikiwa mkekani mbele yake na laptop mapajani, alikuwa amefungua simu mbili zilizosahau namba ya siri. Alikuwa ametengeneza flashi ya kaswida ya mzee mmoja. Kisha mkono wenye hina ukapita juu ya bega lake na flashi nyeusi, tupu, isiyo na uzi wala karatasi, na sauti ikamwambia hii nayo haifunguki, Afande, na mpiga muziki ananisubiri. Kikaja kile kidirisha cha Kizungu ambacho amekiona mara mia. Alibonyeza kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na mafuta ya pilau. Akauliza tuiite nani, wakacheka, akaandika YUSRA kwa kidole kimoja.

"Naomba unichapie na huo mstari," alimwambia Recho.

"Sajini."

"Ni kielelezo. Nichapie."

Alirudi Buzebazeba saa kumi kasoro. Aliingia kwa Hadija, ndani, peke yake. Mikeka ya harusi ilikuwa bado imekunjwa kwenye kona. Hadija alifunga mlango wa mbele, kitu ambacho si kawaida yake, akaketi.

"Ni mimi," Hamdani alisema.

"Ni wewe, mwanangu."

"Ungeniambia asubuhi."

"Ningekutaja mbele ya Veneranda? Mbele ya watu wa bombani? Wewe ni askari. Kesho ungemkamata nani mtaa huu akakuogopa?" Hadija alijifuta uso kwa ukingo wa kanga. "Nilikuambia uje peke yako. Wewe ukakimbilia kwa Ashraf."

Alisimama, akaenda chumbani, akarudi na kikasha cha hina. Ndani yake mlikuwa na uzi wa kijani, umezungushwa vizuri, na kile kikaratasi, bado kimekunjwa mara nne. Hakuwa amekifungua hata leo. Alimpa Hamdani kwa mikono miwili. Hamdani alikifungua. Yalikuwa maneno matano kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa akiandika magotini: USIBONYEZE FORMAT. PASTORY YUMO NDANI.

Hadija alimuuliza kimesema nini. Hamdani alimsomea. Hadija alikifunga kikasha cha hina.

Kuhusu kesi hapakuwa na la kufanya, na Hamdani alilitaja kwa sauti kama anayesoma jalada. Shahidi wa video amekufa. Video imefutwa. Aliyeifuta ni mpelelezi wa kesi, siku tatu kabla hajakabidhiwa jalada, na wakili wa Feliksi hatahitaji hata kusimama. Ijumaa asubuhi Feliksi atatoka, na mchana boti yake itakuwa majini. Hadija alisema labda wale abiria wa kambini. Hamdani akasema wale wamelala.

Alivuka uchochoro. Veneranda alikuwa nje akipepeta maharage, akamwona anatokea kwa Hadija, akaacha ungo hewani. Alimwita Skolastika kwa Kirundi. Hamdani alisimama mlangoni na bahasha mkononi. Ndani yake kulikuwa na flashi, kikaratasi, uzi, na kipande cha picha cha upana wa kidole.

Skolastika alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa amevaa kitenge kisafi. Nyuma yake chumbani, meza ilikuwa imesogezwa ukutani, karibu na tundu la umeme, imefutwa, na kiti kimoja kimewekwa mbele yake, mkabala na mahali ambapo laptop ingekaa. Kwenye mkeka kulikuwa na ugali wa muhogo umefunikwa, samaki wa migebuka wa kukaanga, na bakuli la isombe, kisamvu cha Kirundi, linang'aa mawese. Alikuwa amepika tangu saa saba.

Hamdani alikwisha kutoa habari nyingi kwenye vizingiti vya watu, na kawaida alianza na pole. Safari hii hakuanza nayo.

"Haipo, dada. Imefutwa. Na aliyeifuta ni mimi."

Alimweleza yote, kwa mpangilio, kama anavyoandika maelezo ya shahidi: siku, saa, dakika, sahani ya pilau, mkono wa kushoto. Hakuruka kitu. Veneranda aliweka ungo chini. Hadija alikuwa amemfuata, amesimama nyuma yake uchochoroni, na kwa mara ya kwanza siku ile majirani wale wawili hawakuwa na neno la kuambiana.

Skolastika alipokea bahasha. Alitoa kwanza uzi, akauviringa kidoleni. Kisha kile kipande cha picha. Alikisogeza karibu na macho, akakipeleka mbali, akakipindua kutazama kama nyuma kuna kitu. Aligusa lile nusu dumu la manjano kwa ncha ya kidole.

"Dumu letu," alisema. "Alikuwa amelikalia."

Alikaa na picha hiyo muda ambao redio ya nyumba ya tatu ilimaliza wimbo na kuanza mwingine. Halafu aliirudisha ndani ya bahasha pamoja na uzi, akaiweka rafuni, nyuma ya redio. Akakiondoa kile kiti mbele ya meza, akakisogeza kando, na kufunua ugali. Mvuke ulikuwa umekwisha.

"Vua viatu, Afande," alisema. "Na wewe Mama Yusra, usisimame nje. Veneranda, lete maji ya kunawa. Ingieni mle, chakula kinapoa."